Mwendesha Baiskeli Akiumia Katikati ya Safari Ndefu: Mwongozo kwa Wanaojitolea

Mtu aliyeanguka akiwa na saa 18 barabarani huulizia mambo mawili kabla hajautazama mkono wake: baiskeli iko wapi, na muda wa kufika kituo kijacho umebaki kiasi gani. Si kiburi. Katika safari za breve, yaani safari ndefu za baiskeli zenye kikomo cha muda na vituo vya kupigiwa muhuri njiani, kilomita 200 humalizwa ndani ya saa 13 na nusu, 600 ndani ya saa 40 na 1,200 ndani ya saa 90, na muda hausimami eti kwa sababu mtu yuko mtaroni. Amekuwa akiipiga hesabu hiyo usiku kucha. Kichwa kimechoka, tumbo ni tupu, mwili bado umejaa mshtuko wa kuanguka, halafu anakuja mtu wa kujitolea na kumwuliza, "Uko sawa?"

Atajibu yuko sawa. Hata mwenye mfupa uliovunjika hujibu hivyo, na huwa anaamini anachosema. Kwa hiyo, kati ya yote yatakayofuata, shika hili kwanza: umekuja kumtua majeruhi mzigo wa kuamua. Usimwachie ajipime mwenyewe. Mpe maswali ambayo majibu yake unaweza kuyahakiki, mpe vitendo vya kufanya mbele yako, na maamuzi mazito yawe yameshapangiwa mtu kabla safari haijaanza.

Kabla ya siku yenyewe

Maandishi haya hayachukui nafasi ya mafunzo ya huduma ya kwanza. Kila gari na kila kituo kiwe na angalau mtu mmoja aliyefunzwa, na wengine wamjue ni nani.

Andikeni kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake, namba ya dharura ya kila eneo njia inakopita. Njia ndefu huvuka mipaka, na namba hubadilika. Andikeni pia hospitali iliyo karibu na kila kipande cha njia ambayo hupokea majeruhi usiku. Kisha andikeni jina la mtu mmoja mwenye kauli ya mwisho ya kumtoa mwendeshaji safarini. Hili la tatu ndilo husahaulika, na ndilo linaloleta ubishi saa 9 usiku, watu wanne wamemzunguka majeruhi, kila mmoja na rai yake, na majeruhi anachagua ile inayompendeza.

Fomu ya kila mshiriki ionyeshe mzio wa dawa, dawa anazotumia (hasa za kuzuia damu kuganda), mwaka aliochomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho, na mtu wa kupigiwa simu. Huyo wa kupigiwa simu asiwe mshiriki wa safari hiyohiyo. Wapo wanaoandika jina la mwenzi wao aliye kilomita 60 mbele, simu iko ndani ya mkoba wa baiskeli, imezimwa ili kutunza chaji.

Kwenye sanduku weka glavu, shashi nyingi kuliko unavyodhani zitahitajika, bandeji za kuzungushia, bandeji mbili za pembe tatu, mkasi wa ncha butu wa kukatia nguo, chupa kadhaa za maji safi ya kuoshea vidonda, blanketi jembamba la kung'aa la dharura, mkeka wa sponji, taa ya kichwani na kalamu ya wino usiofutika. Na jozi ya kandambili. Sababu yake utaiona mbele.

Ukifika alipoanguka

Anza na barabara. Gari lisimame kabla ya eneo la tukio, taa za tahadhari ziwake, na mtu mmoja mwenye kizibao cha kuakisi mwanga arudi nyuma hadi mahali ambapo madereva watamwona mapema, si kwenye kona yenyewe. Kumbuka kwamba waendeshaji wengine bado wanakuja, wamechoka vilevile, na kilichomwangusha wa kwanza, iwe mafuta, mchanga au shimo, bado kipo palepale. Huyo mwenye kizibao awaonye na wao.

Usimvute majeruhi kutoka alipo ila kama kubaki hapo ni hatari kuliko kumsogeza. Wasaidizi wengi kosa lao huwa ni wema: wanamwinua upesi, wanamkalisha kando, wanampa maji.

Damu inayotoka kwa wingi ishughulikiwe mara moja: shashi juu ya jeraha, mkandamizo wa moja kwa moja bila kufunua kila dakika kuchungulia. Ikiloa, ongeza nyingine juu yake.

Kama haitikii ukimwita na kumgusa bega, angalia kifua kwa muda usiozidi sekunde 10. Hapumui, au anatweta kwa vipindi visivyo vya kawaida? Piga simu ya dharura, weka simu kwenye spika, na anza kubonyeza katikati ya kifua: kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi juu kila unapobonyeza. Aliyefunzwa huongeza pumzi 2 baada ya kila mibonyezo 30; asiyefunzwa aendelee kubonyeza tu. Kama kuna mashine ya kushtua moyo karibu, mtume mtu aifuate. Anayepumua lakini hana fahamu alazwe ubavu, kichwa, shingo na mgongo vikigeuzwa kwa pamoja, ili matapishi yasimzibe koo.

Kichwa na shingo

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Akiwa na fahamu, piga magoti mbele ya uso wake kabla ya kusema lolote. Ukimwita kutoka nyuma atageuza shingo kukutafuta. Mwambie atulie alivyo, kisha uliza kama shingo inauma, kama vidole vya mikono au miguu vimekufa ganzi au vinachomachoma, kama anaweza kuvichezesha. Jibu moja baya linatosha: mtu mmoja akae kichwani kwake, akishike kichwa kwa mikono miwili bila kukivuta wala kukinyoosha, na wote wangoje gari la wagonjwa. Usimwambie "hebu geuza shingo tuone." Helmeti ibaki kichwani, ila kama inazuia upumuaji au anatapika na huwezi kumhudumia ikiwa imevaliwa.

Kwa mtikisiko wa ubongo, swali la "leo ni siku gani?" halikusaidii sana. Mtu anayeendesha usiku wa pili mfululizo anaweza kuikosea siku bila kuguswa kichwa. Tumia kadi yake ya safari. Ina mihuri na saa za kila kituo, kwa hiyo majibu unayo mkononi: Kituo cha mwisho ulipigiwa muhuri wapi? Ulifika saa ngapi, kwa kukadiria? Kilichotangulia hicho ni kipi? Ulitoka pale na nani? Kisha mtajie maneno matano ya kawaida, ayarudie hapohapo, na umwulize tena baada ya dakika chache. Andika majibu. Rudia baada ya robo saa, maana mwelekeo wa hali yake utakuambia mengi kuliko jibu moja.

Kuumwa kichwa kunakozidi, kutapika, kuona vitu viwiliviwili, mkono au mguu kuishiwa nguvu, kutetemeka kwa degedege, ukali au fadhaa isiyo ya kawaida yake, usingizi usioamshika, au kupoteza fahamu hata kwa kitambo kifupi, vyote ni vya hospitali, na ni kwa gari la wagonjwa.

Sasa utauliza: nitautofautishaje mtikisiko wa ubongo na uchovu wa kukesha? Barabarani, usiku, hutaweza. Macho yaliyolegea, majibu ya polepole, mtu kurudia swali lilelile, vyote hivyo hutokana na kimoja au kingine. Ndiyo maana kanuni iwe rahisi: aliyegonga kichwa na anaonyesha dalili yoyote hapandi tena baiskeli siku hiyo, hata zikiisha. Dalili za mtikisiko zinaweza kuchelewa kujitokeza kwa saa kadhaa, na saa hizo hutaki zimkute anateremka mlima gizani.

Bega, kiganja, tumbo

Mtulinga ndio mfupa unaovunjika sana kwa wanaoangukia bega au mkono ulionyooshwa. Utamjua mwenyewe kabla hajasema: ameshika kiwiko cha upande ulioumia kwa mkono wa pili, bega limeshuka. Usimnyooshe. Mwache katika mkao aliouchagua, mfunge mkono kwa bandeji ya pembe tatu ili uzito wa mkono ubebwe na shingo na bega zima, kisha angalia vidole: vina rangi, vina joto, anahisi ukivigusa? Mfupa ukiisukuma ngozi kwa ndani hadi ngozi ikapauka, safari ya hospitali isicheleweshwe.

Vua pete, saa na glavu mapema, kabla mkono haujavimba. Baada ya nusu saa pete hiyo itahitaji kukatwa. Jezi nayo usijaribu kuivulia kichwani. Mwombe ruhusa, ikate. Wengine huisikitikia jezi kuliko bega.

Maumivu kwenye kibonde kilicho chini ya kidole gumba, pale kifundo cha mkono kinapoanzia, yachukuliwe kama mfupa umevunjika mpaka daktari aseme vinginevyo. Kuna kimfupa hapo ambacho ufa wake mara nyingine hauonekani kwenye picha ya kwanza ya eksirei, na kikipuuzwa huunga vibaya.

Tumbo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote, kwa sababu nje huwa halionyeshi kitu. Mtu ameanguka, ncha ya usukani imemchoma tumboni, imeacha alama ndogo ya mviringo, naye anainuka na kusimama. Wengu au ini linaweza kuwa linavuja polepole. Uliza kila aliyeanguka kama usukani ulimgusa tumbo, na inua jezi uangalie. Tumbo linalokazana, maumivu yanayozidi, kizunguzungu akisimama, ngozi iliyopauka yenye jasho la baridi, mapigo ya moyo yanayokwenda mbio ilhali amekaa, au maumivu ya juu ya bega la kushoto bila bega lenyewe kuumia: mlaze, mfunike, ita gari la wagonjwa, usimpe chakula wala kinywaji.

Michubuko

Inauma kuliko inavyotisha. Vaa glavu, miminia maji safi kwa wingi hadi kokoto na mchanga vitoke, kwa sababu uchafu unaobaki ndani ya ngozi huleta usaha au huacha doa la kudumu. Spiriti usimimine, humtesa bure na huiumiza ngozi iliyo wazi. Funika kwa kitambaa kisichogandamana na kidonda. Kidonda chenye udongo, na sindano ya pepopunda imepita miaka 5 au zaidi, au hakumbuki, apelekwe kliniki.

Dawa za maumivu usigawe kama peremende. Ibuprofeni kwa mtu aliyeishiwa maji baada ya saa nyingi za juhudi huyaweka mafigo hatarini, nayo, sawa na aspirini, huongeza hatari ya kutoka damu kwa aliyegonga kichwa.

Baridi inamfuata aliyesimama

Dakika kumi zilizopita alikuwa tanuri. Sasa amelala na jezi iliyolowa jasho. Watu hukimbilia kumfunika juu wakasahau kwamba ardhi ndiyo inayomnyonya joto. Mkeka kwanza chini yake, ukiweza bila kumgeuzageuza vibaya, kisha vua au kata kilicholowa, mkaushe, mvalishe kikavu, blanketi la kung'aa nje, kofia kichwani kama hakuna jeraha. Akitetemeka, mwili bado unapigana. Akiacha kutetemeka huku maneno yanamkwama na mikono haimtii, joto lake limeshuka sana. Mshughulikie taratibu na uite msaada.

Anayeumia bila kuanguka

Si kila majeruhi ana damu. Mwaka 1983, katika Race Across America, mbio za baiskeli za kuvuka Marekani, misuli ya shingo ya mwendeshaji Michael Shermer ililegea kabisa asiweze kuinua kichwa, na hali hiyo imebeba jina lake hadi leo. Ukimwona mwendeshaji anashikilia kidevu kwa mkono ili atazame mbele, huyo haoni barabara. Msimamishe. Misuli inahitaji siku za kupumzika, na vifaa vya kubuni vya kuinua kichwa kwa kamba vinamrudisha mtu barabarani tu akiwa kipofu nusu.

Joto kali mwilini, kiasi cha nyuzi 40 na kuendelea, likiambatana na kuchanganyikiwa, ni dharura ya kifo. Hapa mpoze kwanza ndipo umsafirishe: mzamishe kwenye maji baridi ikiwezekana, la sivyo mmwagie maji mfululizo huku mkimpepea.

Na kuna yule aliyekunywa maji kupita kiasi. Vidole vimevimba, tumbo limejaa, kichwa kinauma, anatapika, anachanganyikiwa. Msaidizi asiyejua humwongezea maji, naye huzidi kuwa mbaya, kwa kuwa chumvi ya damu ndiyo iliyoshuka. Mwulize amekunywa chupa ngapi na amekojoa mara ngapi kabla ya kumpa nyingine.

Aendelee au aache?

Kwa aliyeanguka kidogo, hakugonga kichwa, shingo haiumi na tumbo ni salama, mkalishe nusu saa, ale, kisha afanye haya mbele yako: abane breki zote mbili kwa nguvu, ainue baiskeli yake mwenyewe, asimame kwa mguu mmoja, kisha mwingine, atazame nyuma kulia na kushoto kama anayetaka kuvuka barabara, apite njia fupi isiyo na magari na kusimama ghafla. Mkono usioweza kubana breki haupaswi kushika usukani. Huku hayo yakiendelea, mwenzako aikague baiskeli: uma unaoshika gurudumu la mbele, usukani, magurudumu, breki. Fremu ya kaboni iliyopata kishindo inaweza kuwa na ufa usioonekana; kwa baiskeli kama hiyo asiendelee hata kama mwili wake ni mzima.

Ikibidi aache, namna ya kusema ina uzito. Ukimwuliza, "Unaonaje, uache?" umemrudishia mzigo uleule. Sema: "Ndugu yangu, nimeshaongea na mratibu. Safari yako ya leo inaishia hapa, gari linakuja, baiskeli nitaitunza mimi." Wengine watalia, na wapo watakaokutolea maneno. Mwache amalize, usibishane naye kuhusu kilomita.

Na akigoma? Mtu mzima mwenye akili timamu huwezi kumfunga kamba. Mweleze hatari mbele ya shahidi, mratibu amwondoe rasmi, andikeni saa na maneno yake, pigieni simu kituo kijacho wamtazamie, na gari limfuate kwa mbali kama lipo. Lakini aliyekosea maswali ya kadi yake huyo hana uamuzi wa kuheshimiwa kwa sasa. Piga simu ya dharura na ubaki naye.

Kumkabidhi

Wahudumu wa gari la wagonjwa wanataka maneno machache kwa mpangilio: jina na umri, saa ya tukio, alivyoanguka na kwa kasi gani, majeraha uliyoyaona, fahamu, upumuaji na mapigo yalivyokuwa na yalivyobadilika, ulichompa na saa uliyompa. Yaandike kwenye kipande cha plasta na ukibandike juu ya nguo yake. Helmeti iende naye, kwani daktari akiona ilipopasuka anajua kichwa kilipigwa wapi.

Kama ni jeraha dogo na mnampeleka wenyewe, dereva awe mtu aliyelala. Aliyejitolea aliyekesha kituoni tangu jana hafai kuendesha gari lenye mgonjwa alfajiri.

Mfungashie simu, waya wa chaji, kitambulisho, kadi ya bima, pesa, miwani, nguo kavu. Na zile kandambili: viatu vya baiskeli vina vyuma au plastiki ngumu chini, na sakafu ya vigae ya hospitali ni utelezi mtupu kwa mtu mwenye mkono mmoja uliofungwa.

Kisha, kama amebeba kifaa cha kumfuatilia, shughulikia nukta yake kwenye ramani ya mtandaoni. Nyumbani kuna mtu anaitazama. Ataiona imesimama saa nzima katikati ya pori, halafu ghafla inakimbia kilomita 90 kwa saa kuelekea mjini. Mpigie kabla hajaanza kujitungia habari, na kama majeruhi anaweza kusema, azungumze yeye mwenyewe walau sentensi moja. Kifaa kizimwe. Kwenye kundi la WhatsApp liende neno moja tu, kwamba namba fulani ametoka safarini. Picha ya uso wake na damu yake si ya kundi.

Baiskeli ipigwe picha ilivyo, taa na kompyuta vizimwe, ifungwe kibandiko chenye namba yake na jina la aliyeichukua, na majeruhi aambiwe iko wapi. Mtashangaa taarifa hiyo inavyoshusha mapigo ya moyo.

Kesho yake

Mmoja wenu, aliyetajwa kwa jina, ampigie aliyeruhusiwa kurudi nyumbani au aliyekataa hospitali. Asiulize "unaendeleaje?" peke yake. Aulize: Umetapika? Kichwa kinauma kuliko jana? Tumbo limekazana, au bega la kushoto limeanza kuuma? Mkojo una damu, au umekuwa wa rangi ya chai nzito? Kidonda kimekuwa chekundu na cha moto pembeni? Kuna mtu hapo ulipo? Mpe na huyo mtu simu, umwulize maswali hayohayo. Jibu la ndiyo kwa dalili yoyote kati ya hizo, arudi kwa daktari leo, bila kusubiri kesho nyingine. Na kama dalili ni ya kichwa au ya tumbo, asiende peke yake.